Dawa Inayomlaza Ndiyo Inayovuna: Mwongozo wa Kutoa Manii kwa Paka Dume

Fahali hufunzwa kupanda akakingwa manii kwenye uke bandia. Mbwa wengi humalizana nawe kwa mkono, bila sindano wala kelele. Paka dume si wa mchezo huo. Wapo wachache wanaokubali uke bandia, lakini hao wamelelewa kwa kazi hiyo: wiki kadhaa za mazoezi, mtu yule yule, chumba kile kile, na paka jike aliye kwenye joto mbele yao. Huyu uliyeletewa asubuhi ndani ya kikapu, masikio yamelala nyuma na mboni zimejaa jicho zima, hataki chochote kwako isipokuwa mlango.

Kwa hiyo tunamlaza. Na hapa ndipo wengi wetu tuliozoea kuhasi tunapokosea. Tunadhani kazi ya dawa ni kumtuliza tu, basi yoyote itafaa mradi asituparure. Sivyo. Katika njia nitakayoeleza hapa, dawa yenyewe ndiyo inayozisukuma mbegu kutoka zilikohifadhiwa hadi kwenye mrija wa mkojo. Ukichagua dawa isiyo yake, utapata paka aliyelala fofofo na katheta kavu, yaani ule mrija mwembamba tunaoupitisha kwenye njia ya mkojo kukinga manii.

Nimemwandikia daktari wa mifugo aliyesajiliwa, mwenye mizani, stetoskopu, na dawa ya kumzindua paka ikiwa tayari mezani. Mfugaji asome pia, ili ajue la kumuuliza daktari wake. Dozi zilizomo si za kujaribia sebuleni: paka mzima ana kilo nne tu, na nukta ya desimali ikikaa pasipo pake humpati tena.

Ya nini hasa?

Jirani yangu aliponiona nanoa ncha ya katheta aliniuliza, "Daktari, kwani hawa paka wa sokoni hawajatutosha?" Wametutosha sana. Ila si paka wote ni wa sokoni.

Chukua paka wa Sokoke, yule mwembamba wa miguu mirefu, mwenye mabaka kama gome la mti, asili yake msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi. Wagiriama walimwita khadzonzo zamani, kabla hajapewa cheti cha aina yoyote. Mwaka 1978 Jeni Slater alichukua watoto wa paka hao akawalea, na mwaka 1984 Gloria Moeldrup akapeleka baadhi Denmark. Ukoo wa Ulaya ukaanzia kwa paka wachache mno, hata baada ya mwaka 2000 ikabidi watu warudi pwani kutafuta damu mpya. Ukoo wa namna hiyo ndio unaohitaji mbegu zihifadhiwe, zisafirishwe, na dume aendelee kuzaa hata kama yeye na jike wake wametenganishwa na bahari.

Tena damu ikikaribiana mno, manii huharibika mapema. Mwaka 1962 mlipuko wa nzi wanaong'ata uliwafyeka simba wa Kreta ya Ngorongoro, wakabaki wachache. Watafiti walipopima manii ya simba wa kreta hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 1987, mbegu zenye kasoro zilikuwa takriban nusu, wakati kwa jirani zao wa Serengeti zilikuwa kama robo. Duma ana hali mbaya kuliko simba hao, zaidi ya theluthi mbili za mbegu zake zina kasoro. Paka wa nyumbani amekuwa darasa la wote hao: njia ya katheta ilianza kwake, na mwaka 2012 ikaripotiwa kwa simba wa Afrika.

Dawa inavyofanya kazi

Mbegu zilizokomaa hukaa mkiani mwa epididimisi, kile kifundo kilichojibana kwenye korodani, na kwenye mirija miwili inayopanda kutoka hapo kuingia tumboni. Kuta za mirija hiyo ni misuli isiyotii nia ya mnyama. Inatii kemikali za jamii ya adrenalini. Paka anapopanda, neva humwaga noradrenalini, misuli inajikaza, mbegu zinasukumwa hadi kwenye mrija wa mkojo.

Medetomidini inajifanya noradrenalini. Ubongoni inashika vipokezi viitwavyo alfa-2 na kumlaza paka. Kwenye mirija ya mbegu inaikaza misuli vilevile kana kwamba anapanda. Usingizi na kumwaga vinatoka kwenye sindano moja. Daniele Zambelli na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bologna, Italia, ndio walioigeuza tabia hiyo kuwa njia ya kazi. Mwaka 2008 walichapisha matokeo ya paka waliodungwa mikrogramu 130 hadi 140 kwa kila kilo, kisha wakatiwa katheta nyembamba na manii yakapanda yenyewe ndani ya mrija wake.

Kabla ya hapo, na hadi leo mahali pengi, njia iliyotawala ilikuwa umeme: kifaa chenye vipande vya chuma kinaingizwa kwenye puru, kisha mishtuko midogo kama 80 ya volti 2 hadi 5, kwa awamu. Hiyo inataka nusukaputi kamili na mashine ambayo kliniki zetu nyingi hazina. Manii yake huwa mengi kwa ujazo, makumi ya mikrolita, lakini mepesi. Ya katheta ni kama mikrolita 10 tu, tone lisilojaza hata kichwa cha njiti ya kiberiti, ila ni mazito kweli: mbegu zaidi ya bilioni moja kwa mililita si ajabu.

Ipi ichukue, ipi iache

Medetomidini ndiyo mama. Deksmedetomidini ni ile ile iliyochujwa ikabaki nusu inayofanya kazi, kwa hiyo mikrogramu zake ni nusu. Ketamini huongezwa pale paka anaposhtuka katheta ikimgusa. Yenyewe peke yake humkakamaza misuli na haivuni kitu cha maana. Butofanoli kidogo, miligramu 0.2 kwa kilo, humtuliza zaidi na kupunguza kutapika, wala haina ugomvi na kazi hii.

Zailazini ni ndugu wa medetomidini, na katika maduka mengi ya dawa za mifugo ndiyo iliyopo kwa sababu ya ng'ombe. Ni ndugu mkubwa asiye na adabu: haichagui vipokezi vizuri, na paka wengi huitapikia. Ikiwa huna nyingine, bora uahirishe. Na chupa ya zailazini iliyoletwa kwa ajili ya farasi inaweza kuwa na miligramu 100 kwa mililita, ilhali uliyoizoea ina 20. Nimeona chupa hizo mbili zikikaa rafu moja, lebo zinafanana kama mapacha.

Dayazepamu, propofoli na gesi ya isoflureni zinamlaza paka vizuri tu, lakini hazikazi mirija ya mbegu. Mchanganyiko wa tiletamini na zolazepamu vivyo hivyo. Peke yake ni wa kazi ya umeme, si wa katheta.

Asepromazini ndiyo adui. Inaziba vipokezi vya alfa-1, vile vile vinavyohitajika ili misuli ijikaze. Nilijifunza hilo kwa aibu. Niliwahi kuletewa dume mmoja wa Kiajemi, mtulivu kama mto wa kulalia, nikasema leo nimepata mchumba. Nikamdunga, akalala dakika nane. Katheta ya kwanza ikatoka kavu. Ya pili kavu. Ya tatu ikatoka na tone la mkojo. Nililaumu mkono wangu, nikalaumu katheta, nikaanza kuilaumu dawa kwamba imekaa juani. Mwenye paka alikuwa amekaa pembeni kimya, mwishowe akasema, "Daktari, au ni kile kidonge?" Kidonge gani tena, mama? Kumbe alikuwa amempa kidonge cha safari tangu alfajiri ili asilie garini. Asepromazini. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza, hata kabla ya salamu kukamilika, ni paka amemeza nini tangu jana.

Hatua ya kwanza: chagua dume, mkague akiwa macho

Awe ametimiza mwaka, maana wengi hubalehe kati ya miezi 8 na 12, na Waajemi huchelewa zaidi. Korodani zote mbili ziwe kwenye mfuko wake. Awe hajapanda kwa siku nne au tano.

Sikiliza moyo bila haraka. Medetomidini inauelemea moyo, na ugonjwa wa misuli ya moyo kunenepa ndio unaowaua paka wengi wanaoonekana wazima, Waajemi na Maine Coon wakiwa mbele. Ukisikia mvumo au mapigo ya kurukaruka, mrudishe nyumbani hadi apimwe kwa mawimbi ya sauti. Mwenye figo mbovu, kisukari, au aliyewahi kuzibwa mkojo pia mwache. Hakuna uzao unaostahili paka kufia mezani.

Sukuma govi nyuma utazame uume. Paka dume mwenye homoni za kutosha ana vimiba vidogo vilivyosimama, vinakwaruza kidole kama ulimi wake. Vimiba hivyo ni kazi ya testosteroni, na dume aliyehasiwa hubaki laini baada ya wiki kama sita. Ukikuta uume laini kwa paka anayedaiwa kuwa mzima, usipoteze dawa, uliza maswali. Kwa wenye manyoya marefu angalia pia kama kuna pete ya nywele iliyojifunga pale shinani.

Chakula kikatwe tangu usiku, maji yaondolewe asubuhi. Mwambie mwenyewe amwachie sanduku la mchanga ili akojoe kabla ya safari. Hili la mkojo nitalirudia.

Hatua ya pili: mizani, halafu hesabu kwenye karatasi

Usikadirie uzito kwa kumwinua. Mpime ndani ya kikapu, kisha upime kikapu kitupu.

Tuseme ana kilo 4.2. Medetomidini mikrogramu 130 kwa kilo ni 546. Chupa yenye miligramu 1 kwa mililita, kama Domitor, ina mikrogramu 1,000 kwenye mililita, kwa hiyo unavuta mililita 0.55. Mimi kwa dume mdogo au ninayemkuta tayari ametulia huanza na 100 kwa kilo, yaani 0.42.

Ketamini ukiihitaji, miligramu 3 hadi 5 kwa kilo. Kwa 5 ni miligramu 21, na hapa tazama chupa mara mbili: yenye 50 kwa mililita unavuta 0.42, yenye 100 unavuta 0.21.

Kisha, kabla hujamgusa paka, vuta dawa ya kumzindua. Ni atipamezoli. Mikrogramu zake ni mara mbili na nusu ya medetomidini uliyotoa, na kwa kuwa chupa yake ina miligramu 5 kwa mililita, kwa paka inaangukia nusu ya ujazo wa medetomidini: hapa 0.27. Iandike jina kwa kalamu kwenye bomba la sindano, iweke upande wa pili wa meza. Kuitafuta wakati paka amebadilika rangi ni jambo lisilofaa kumtokea mtu.

Hatua ya tatu: andaa vifaa vyote kabla ya sindano

Unahitaji katheta ya paka dume saizi 3, zile za plastiki laini. Nyingi zinakuja na ncha iliyozibwa na matundu ya pembeni. Kata ncha hiyo ili tundu lifunguke mbele, ibaki na urefu wa sentimita 11, kisha ilainishe hadi ukiipitisha kwenye mdomo wako wa chini usisikie ukali wowote, halafu uitakase. Weka alama ya wino kwenye sentimita 9. Andaa tatu za namna hiyo, si moja.

Mrija mdogo wa plastiki wenye Tris, kimiminika cha kuhifadhia mbegu kilichotiwa kiini cha yai, mikrolita 100 au zaidi kidogo, ukae kwenye maji ya nyuzi 38. Slaidi na vifuniko vyake navyo viwe vuguvugu. Huku pwani hili hupuuzwa kwa kuwa chumba kina joto, lakini kiyoyozi kikiwa kimewashwa slaidi ni barafu kwa mbegu. Maji ya bomba, sabuni na spiriti ni sumu. Jeli nyingi za kulainishia nazo ni sumu. Lowesha katheta kwa salaini yenye uvuguvugu, basi.

Hatua ya nne: sindano na kimya

Mdunge kwenye msuli wa mgongo au wa paja, kwa sindano nyembamba, mara moja bila kusitasita. Halafu mwache. Mwache kabisa. Taa ipunguzwe, simu zizimwe, mbwa wa chumba cha pili atolewe. Paka aliyeudhika ana adrenalini yake mwenyewe inayoshindana na dawa, atalala nusu, na utashawishika kuongeza dozi. Mweke kwenye kikapu kilichofunikwa kanga umtazame kupitia upenyo.

Ndani ya dakika tano hivi anaweza kutapika. Ni kawaida ya dawa hii. Inamisha kichwa chake, futa mdomo. Baada ya dakika 10 hadi 15 shingo inalegea, ukimbana kidole cha mguu hauvuti. Mpake marhamu ya macho, maana halali akiwa amefumba na konea hukauka.

Hatua ya tano: mtu mmoja ni wa paka tu

Usijifanye una mikono minne. Awepo msaidizi ambaye kazi yake ni paka tu, anayeandika kila baada ya dakika tano: mapigo ya moyo, pumzi, rangi ya ufizi, joto.

Moyo utashuka hadi karibu nusu. Paka aliyekuwa na mapigo 180 akiwa na 80 au 90 asikutishe, ni mishipa imejibana na moyo unajibu. Usikimbilie atropini, dawa ya kuharakisha moyo. Ukiiongeza hapo unaulazimisha moyo kusukuma kwa kasi dhidi ya mishipa iliyofungwa, na hilo ndilo linaloumiza. Mpaka wangu ni 60: akishuka chini yake, au mapigo yakipotea kidoleni, namzindua na siku imeishia hapo. Ufizi utapauka, hata kuwa na weusi wa samawati kidogo. Kipima oksijeni cha kubana ulimi kitakudanganya kwa sababu hiyo hiyo ya mishipa kujibana. Mwekee oksijeni kwa barakoa kama unayo, na umwamini stetoskopu zaidi ya namba nyekundu.

Joto linashuka kimya kimya. Chini yake taulo, juu yake kanga, chupa ya maji ya moto iliyovingirishwa kitambaa, isiyogusa ngozi. Na usimpime sukari siku hiyo, dawa hii huipandisha.

Hatua ya sita: mkojo

Mkojo ndio unaoharibu kazi nyingi kuliko makosa ya dozi. Unaua mbegu, na medetomidini huongeza mkojo. Kibofu kilichojaa nusu ulipoanza kitajaa chote wewe ukitafuta miwani.

Shika tumbo la chini. Ukisikia kibofu kimejaa, usikiminye. Ukikiminya unaupitisha mkojo pale pale manii yaliposimama, unayaosha. Toa mkojo kwa sindano nyembamba kupitia ukuta wa tumbo, au bora zaidi, uwe umemfanya akojoe kabla.

Hatua ya saba: katheta

Mlaze ubavu, mkia pembeni. Safisha kwa pamba yenye salaini, ukaushe, maana maji nayo yanaua. Sukuma govi, ushike uume kwa vidole viwili na uvute polepole kuelekea nyuma, ukiulaza sambamba na uti wa mgongo. Mrija wa mkojo wa paka una kona. Ukivuta hivyo unanyooka. Ukisahau kuvuta utagonga ukuta na utadhani kuna jiwe.

Ingiza katheta kwa kuizungusha kidogo kati ya vidole. Haiendi? Subiri nusu dakika, misuli ilegee. Usilazimishe kamwe. Damu kidogo leo ni kovu kesho, na kovu kwenye mrija mwembamba hivyo ni paka asiyeweza kukojoa. Ukifika kwenye alama ya sentimita 9 simama hapo hapo. Hapo uko karibu na tezi dume, ambapo manii yamekusanyika. Ukipita unaingia kibofuni na utavuta njano. Kwa dume mdogo wa mwili mimi husimama kwenye 8.

Achia. Usivute kwa bomba la sindano. Manii yanapanda yenyewe kwenye mrija mwembamba kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Utaona uzi wa rangi ya maziwa ukitambaa ndani ya plastiki, sentimita moja, pengine mbili. Mara ya kwanza kuuona nilishusha pumzi kwa sauti hadi msaidizi wangu akacheka. Toa katheta taratibu, kidole kikiziba nyuma, uingize ncha kwenye mrija wenye Tris na upulize kwa bomba dogo la sindano. Baada ya dakika chache unaweza kurudia kwa katheta mpya, mara moja au mbili, si zaidi.

Ikitoka kavu, jiulize kwa utaratibu huu. Dakika 15 zimetimia? Katheta imefika ilipotakiwa? Alipanda jana usiku? Amepewa dawa nyingine? Mara nyingine mbegu zimerudi nyuma kibofuni, jambo la kawaida kwa paka. Ukitia tone la mkojo wake chini ya hadubini utaziona.

Hatua ya nane: hadubini, haraka

Tone moja, kifuniko, ukuzaji wa mara 100 kwanza. Unatafuta mbegu zinazokwenda mbele, si zinazotetemeka mahali pamoja. Rangi ya njano na harufu ni mkojo. Halafu paka slaidi rangi ya eosini na nigrosini, uhesabu mbegu 200. Zikiwa na umbo zuri chini ya asilimia 40, dume huyo huhesabiwa kuwa mwenye mbegu mbovu, na mwenye paka wa ukoo uliobanana lazima aambiwe ukweli hata kama amelipa nauli kutoka Lamu.

Fanya na hesabu ya jumla, maana ndiyo inayoamua utafanya nini baadaye. Mikrolita 10 zenye mbegu bilioni 1.5 kwa mililita ni mbegu milioni 15. Uhimilishaji wa kuweka mbegu ukeni unataka kama milioni 80 ndipo matumaini yawe mazuri. Ukizifikisha ndani ya mji wa mimba, milioni 8 zinatosha. Kwa hiyo mavuno ya siku moja ya katheta ni ya jike mmoja, tena kwa njia ya ndani. Ya kumchochea jike hadi yai litoke ni habari ndefu inayojitegemea, kwani kwa kawaida paka hatoi yai bila kuchochewa.

Kama zinasafiri, zipooze polepole kutoka nyuzi 38 hadi 5 kwa muda wa saa moja na zaidi. Kuzitumbukiza kwenye barafu moja kwa moja ni kuzichinja.

Pa kujifunzia mkono

Usijifunzie kwa dume wa thamani. Jifunzie kwa wanaokuja kuhasiwa, kwa ruhusa ya wenyewe. Medetomidini na ketamini ndizo nusukaputi tunazotumia kuhasi, basi sindano ile ile inakupa nafasi ya kupitisha katheta kwanza kisha ukaendelea na kisu. Na baada ya kukata usitupe korodani. Epididimisi ikikatwakatwa kwenye kimiminika vuguvugu inatoa mbegu hai kwa mamilioni. Korodani zikikaa kwenye nyuzi 4 mbegu zinadumu hadi kesho yake. Hiyo ndiyo njia pekee kwa paka wa thamani aliyegongwa na gari usiku, na ndiyo sababu nina chupa ndogo ya salaini kwenye jokofu mwaka mzima.

Kumzindua

Kama hukutumia ketamini, dunga atipamezoli msulini mara tu umalizapo. Msulini, si mshipani. Dakika tano hadi kumi atainua kichwa. Kama ulitumia ketamini, ngoja dakika 40 tangu uidunge; ukimzindua mapema unaiondoa medetomidini na kuiacha ketamini peke yake, naye ataamka akipigana na mapepo.

"Ataamka kweli huyu?" mwenye paka huuliza kila mara, sauti imepungua. "Ataamka, mama. Mshike sikio." Sikio likipata joto damu imerudi pembeni mwa mwili, na hapo hata mimi nakaa.

Mweke chini ya uangalizi wa saa mbili, kwa sababu wapo wanaolala tena. Maji akishasimama sawasawa, chakula kidogo jioni. Muda kati ya mavuno usipungue wiki mbili. Mwenyewe aambiwe atazame sanduku la mchanga: akikojoa kawaida, vizuri, akichuchumaa mara kwa mara bila kutoa kitu, au akilia, arudi usiku huo huo, asingoje kukuche. Na asimchanganye na wenziwe hadi kesho. Ananuka hospitali na anayumba, nao watamvaa.